Fomu Mbili za Kutazama Nyota

Shule zikifungwa Agosti, Nairobi inajaa kambi za watoto. Kuna za kuogelea, za chesi, za Biblia, za kuandika programu za kompyuta, na siku hizi kuna za anga: siku tano za kurusha roketi za chupa za plastiki, kupaka rangi sayari za karatasi, na jioni moja ya darubini kama mawingu yatakubali. Mawingu hayakubali sana. Agosti ya hapa ni mwezi wa sweta, hata jua lenyewe tunalitafuta, na bado mtu ameketi mahali akapanga watoto watazame nyota mwezi huo. Lakini kalenda ya shule haiulizi hali ya hewa.

Kambi zenyewe sina ugomvi nazo. Ningekuwa na mtoto na pesa ningempeleka. Kinachonisumbua ni swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo: mtoto anahitaji sababu gani ili aruhusiwe kutazama juu?

Naishi Mountain View, katika kile chumba cha nyuma ambacho wanaNairobi wanakiita SQ. Nina printa, na mtu mwenye printa mtaani ni kama mtu mwenye kisima. Julai, ndani ya wiki moja, nilichapisha fomu mbili za kambi moja, ambayo sitaitaja. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa mwenye nyumba wangu. Ilikuwa ukurasa mmoja: jina, umri, aleji ya chakula, saizi ya tisheti, namba ya simu ya dharura, na jinsi ya kulipa kwa M-Pesa. Ada ya siku hizo tano ilizidi kodi yangu ya mwezi.

Ya pili ilikuwa ya mtoto wa mama anayeuza sukuma wiki soko la Kangemi, majirani zetu kwenye Waiyaki Way. Kambi ilikuwa imetenga viti viwili vya ufadhili. Fomu hii ilikuwa kurasa tatu. Ilitaka kipato cha familia, alama za mtihani, barua ya mwalimu mkuu, kisha insha mbili: eleza kwa nini unastahili nafasi hii, na eleza utakavyotumia elimu hii kuibadilisha jamii yako. Mtoto mwenyewe ana miaka kumi. Hakuna mahali palipouliza saizi ya tisheti.

Mama alinipa shilingi mia tatu nimwandikie majibu. “Kijana, wewe ndiye wa maneno,” akasema. “Andika vile wanataka kusikia.”

Nikaandika. Kazi ni kazi. Mtoto wangu wa kwenye karatasi alikuwa atasomea uhandisi, atengeneze setilaiti za kutafuta maji Turkana, kisha arudi Kangemi kufundisha wenzake. Nilipomsomea, yule mtoto halisi alisikiliza kwa adabu kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine. Alichotaka yeye ni kujua kama ni kweli mwezi una mashimo.

Mtoto mmoja anaulizwa maswali ili asidhurike: asile karanga zikamvimbisha, asikose tisheti inayomtosha. Mwingine anaulizwa atalipaje. Halipi kwa shilingi, analipa kwa maisha yake ya mbeleni, ambayo anaombwa ayaweke rehani akiwa Gredi ya 5. Wa kwanza anaweza kwenda kambini, achoke, asinzie wakati wa darubini, arudi nyumbani aseme anataka kuwa mwanasoka. Hakuna atakayemdai. Wa pili akisinzia amekula kiti cha mwenzake. Mimi nauita huu mkopo, ingawa kwenye tangazo umeandikwa ufadhili.

Najua utetezi wake. Viti ni viwili, waombaji ni wengi, lazima pawe na kigezo. Tena lugha ya anga hapa kwetu imekuwa lugha ya faida tangu mwanzo, na kwa serikali hiyo ni sawa kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata kisetilaiti chake kidogo, 1KUNS-PF, kilichoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, na Taifa-1 iliporushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023, tuliambiwa itatusaidia nini: kilimo, mazingira, majanga. Inafaa tuambiwe. Pesa ya umma lazima ijieleze. Lakini mtoto si mradi wa umma, hata kama tumezoea kumtazama hivyo, hasa akiwa maskini.

Mtindo huu hatukuuanzisha sisi. Ile kambi maarufu ya anga ya Huntsville, Alabama, iliyofunguliwa 1982, hutajwa kuwa wazo la Wernher von Braun, aliyeona watoto wana kambi za michezo na bendi lakini hawana ya sayansi. Huyo ndiye aliyeitengenezea Marekani roketi ya kwenda mwezini, na kabla ya hapo aliitengenezea Ujerumani ya Hitler makombora ya V-2 yaliyoangukia London. Simtaji ili kuwachafulia watoto kambi yao. Namtaja kwa sababu wazo la kumwonyesha mtoto nyota limekaa muda mrefu karibu na watu wanaohitaji wahandisi.

Mtu wa kwetu anaweza kunijibu kwamba hata babu zetu walitazama juu kwa faida. Kweli. Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana, limepata jina kutoka kulima. Lilikuwa kalenda ya mkulima. Mabaharia wa pwani walivuka bahari kwa nyota. Ila sijasikia popote kwamba mtoto aliyeonyeshwa kilimia uani alitakiwa kwanza aahidi mavuno.

Kuna pingamizi lingine ambalo naliogopa zaidi. Rafiki yangu mwalimu aliniambia kambi hizi ni ukatili kwa watoto kama huyu: unamwonjesha asali, halafu unamrudisha chumba kimoja ambako hata taa ya kusomea ni shida. Afadhali asingejua. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu mimi pia niliahidiwa ngazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika, na zile ahadi zote za “soma kwa bidii utafika” ziliishia kwenye sanduku chini ya kitanda. Ahadi inaweza kuvunjika, ndiyo. Lakini nikiwa darasa la saba kuna mgeni alileta darubini uwanjani, nikaiona Zohali na pete yake, ndogo, imetulia kama kibandiko. Haikuniahidi chochote, kwa hiyo sina cha kuidai. Ukatili anaouogopa mwalimu upo, ila unatokana na ile insha ya pili. Mwambie mtoto kwamba pete ya Zohali ni mlango wa ajira, na siku ajira ikikosekana utakuwa umemharibia hata Zohali.

Wapo wanaofanya bila masharti hayo, nisije nikaonekana nawapiga wote kwa fimbo moja. Susan Murabana na mumewe Chu Owen, kupitia The Travelling Telescope, wamekuwa wakibeba darubini hadi shule za mbali nchini, watoto wanapanga foleni, wanachungulia. Na sisi tumebahatika: Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja anga karibu yote, ya kaskazini na ya kusini, inapita juu ya mabati yetu.

Hapo ndipo swali la umiliki linakuja. Desemba 1976 nchi za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilitoa Azimio la Bogotá. Zilidai kwamba ile njia iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako setilaiti inakwenda sambamba na mzunguko wa dunia hadi ionekane imesimama, ni sehemu ya mali yao. Mataifa makubwa yalikataa: anga ni ya wanadamu wote, ndivyo unavyosema mkataba wa 1967. Sawa. Basi huyu wa Kangemi naye si mwanadamu? Pete ya chuma ya takriban kilo 500, iliyosemekana kuwa kipande cha roketi, ilipoangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, hakuna mwanakijiji aliyetakiwa kueleza kwa nini anastahili.

Pendekezo langu ni kura. Nendeni shule za karibu, andikeni jina la kila mtoto anayetaka kuja, tieni kwenye sufuria, mmoja wao achomoe mawili. Halafu muulizeni aleji na saizi ya tisheti.

Nilimweleza mama huyo na hakupendezwa. “Kuangalia tu anaweza kuangalia hapa sokoni,” akasema. “Mimi nataka atoke.” Siwezi kumwambia amekosea. Anayelala akihesabu karo hana deni la kupenda nyota kwa ajili ya nyota. Akaongeza kwamba kura itampa nafasi mtoto mzembe na kumwacha mwenye kipaji. Inawezekana. Ila ile barua haikupima kipaji cha mtoto wake. Ilipima Kiswahili changu, na kwamba siku hiyo alikuwa na mia tatu. Meza ya tatu kutoka kwake, upande wa nyanya, kuna mama mwingine mwenye binti wa rika lile lile. Yeye hakuja kwangu, na sijui kama alisikia kuna kambi.