Ushabiki na Ushahidi

Jambo ninalotaka kulieleza hapa laweza kuonekana dogo mbele ya mambo mazito yanayobebwa na kurasa hizi. Niwie radhi. Limenisumbua kwa muda, nami naona afadhali nilitoe nje kuliko kukaa nalo kifuani.

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025, katika chuo cha dini ninachofundisha mbali na nyumbani, tulikusanyika katika chumba cha wanafunzi kutazama mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa ikipambana na RS Berkane ya Moroko katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Berkane tarehe 17, Simba walikuwa wamefungwa 2–0. Basi walihitaji kuupindua mlima. Wakatangulia kwa goli moja, na matumaini yakapanda. Lakini mwishoni wageni wakasawazisha, na kombe likaenda Moroko.

Goli lile la wageni lilipoingia, mimi nilipiga makofi. Tangu utoto wangu ni mtu wa Yanga.

Kijana mmoja kutoka Afrika ya Magharibi, aliyekaa ubavuni pangu, alinitazama kisha akaniuliza kwa adabu: “Maalim, hao waliofungwa si watu wa nchi yako?” Nikacheka, nikamjibu: “Ndiyo, lakini ni watani wetu.” Akanyamaza, kwa kuwa mwanafunzi mwenye adabu hambishii mwalimu wake. Nilipolala usiku ule nilitambua kwamba jawabu langu halikujibu kitu. Mbele yetu kwenye mkeka alikuwa amekaa mwanafunzi wa Kitanzania, mpenzi wa Simba, ameinamisha kichwa, na makofi yangu aliyasikia.

Hebu basi tulichunguze swali hili. Je, yako mambo ambayo moyo wa mtu una ruhusa kuyapendelea pasipo haki? Na kama yako, ruhusa hiyo inakoma wapi?

Kwa wale wasiojua, Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na Simba mwaka uliofuata, 1936. Husimuliwa kwamba walioanzisha klabu ya pili walijitenga na ile ya kwanza. Kwa miaka mingi Simba iliitwa Sunderland, ikachukua jina la Simba mwaka 1971. Ugomvi huu, kwa hiyo, una umri wa babu, nao ulianza kama zinavyoanza gomvi nyingi, yaani baina ya watu waliokuwa wakila sahani moja. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga ilishinda 5–0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ikalipa 6–0. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda tena 5–0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5–1. Mimi katika maisha yangu sijakutana hata na mtu mmoja aliyehama upande kwa sababu ya siku mojawapo kati ya hizo. Aliyefungwa sita alirudi nyumbani amefunga mdomo, akala au asile, na wiki iliyofuata alikuwa uwanjani.

Sasa litazame jambo la pili, nalo ni muziki. Wako wanaodhani mwalimu wa dini hapaswi kuyajua haya. Mimi nililelewa katika nyumba yenye redio, na wakati ule redio ilikuwa moja kwa nchi nzima. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilibadilishwa jina ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na watu wakaizoea kwa jina la Msondo. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, ikajulikana kwa mtindo wake wa Sikinde. Mtaani kwetu ilikuwa Msondo au Sikinde, nawe ulitakiwa uchague. Baadaye, katika miaka ya 1990, taarabu ya Dar es Salaam iligawanyika baina ya TOT na Muungano, na wapenzi wakatupiana mipasho mitaani kana kwamba wao ndio waliolipwa kuimba. Vijana wa baada ya hapo nao wakawa na timu Diamond na timu Kiba. Mabishano ni yale yale, ila majina ni mengine.

Katika kandanda kuna kitu kinachoamua. Mpira umevuka mstari au haukuvuka, na dakika tisini zikiisha hesabu husomwa. Katika muziki hakuna mstari wala dakika tisini. Nani atakayethibitisha kwamba magitaa ya Sikinde ni matamu kuliko tarumbeta za Msondo? Mmoja atasema “sikiliza,” na mwingine atasikiliza kwa masikio yake mwenyewe, asisikie alichosikia mwenziwe. Ingelitarajiwa basi kwamba mabishano ya mpira yaishe mapema, kwa kuwa yana ushahidi, na mabishano ya muziki yasianze kabisa, kwa kuwa hayana. Lakini yote mawili huendelea sawasawa. Penye ushahidi watu hawashawishiki, na pasipo ushahidi hawanyamazi. Hili lanionyesha kwamba kinachobishaniwa sicho kinachotajwa. Mtu asemapo “Sikinde ni bora,” mara nyingi anasema: “Hawa ndio watu wangu, na pale ndipo nilipokuwa kijana.”

Je, hilo ni ovu? Baadhi ya wenye hekima wangesema ndiyo, kwamba mapenzi yasiyo na sababu ni upofu. Mimi siafiki upesi hivyo. Mtu anayeipenda timu kila inaposhinda na kuiacha kila inaposhindwa tunamwita bendera fuata upepo, wala hatumsifu kwa kuwa na akili ya uchunguzi. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ugenini na Stella ya Abidjan, kisha ikafungwa 2–0 nyumbani, mbele ya watu waliokwisha kuanza kusherehekea. Mwaka 2023 Yanga yangu ilifungwa nyumbani 2–1 na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1–0, na bado kombe likatupita kwa hesabu ya magoli ya ugenini. Timu ya taifa ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 huko Lagos, kisha haikurudi mpaka mwaka 2019. Mtoto aliyezaliwa wakati ule alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Watu walingoja. Kungoja kwa namna hiyo, bila malipo na bila ahadi, kunamfundisha mtu subira ambayo wengi wetu tunaitafuta vitabuni. Siwezi kuidharau.

Lakini yako mafunzo mengine yanayotolewa uwanjani, na hapa ndipo ninapoingiwa na hofu. Mchezaji wa upande wetu akianguka ndani ya eneo la hatari, tunaona wazi kwamba amechezewa vibaya. Akianguka wa upande wao, tunaona wazi kwamba amejiangusha. Macho ni yale yale, nyasi ni zile zile. Sisemi kwamba tunasema uongo tukijua; laiti ingekuwa hivyo, maana anayejua kwamba anasema uongo bado anao ukweli mkononi. Mpenzi wa timu anaona kwa dhati kile anachokitaka. Na baada ya miaka thelathini ya zoezi hilo kila Jumamosi, mtu huyo huitwa kwenye baraza la mtaa kutoa ushahidi baina ya mpwa wake na jirani, kuhusu mpaka wa shamba. Je, atayaacha macho yake ya uwanjani mlangoni pamoja na viatu? Mzazi anayepatanisha watoto wawili, mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi asiyempenda, hata mpiga kura, wote hao huhitaji uwezo wa kuona rafu ya upande wao. Uwezo huo hufa usipotumiwa, na kufa kwake hakuna maumivu.

Nimewahi kumjua mzee mmoja mtaani, mpenzi wa Simba mpaka kwenye mfupa, ambaye vijana walikuwa wakimwendea kuwaamulia mabishano ya mpira, hata vijana wa Yanga. Sababu ni kwamba alikuwa akisema, “Lile halikuwa goli letu, alikuwa ameotea,” huku machozi yakimlenga. Mapenzi yake hayakupungua kwa neno hilo. Kwa hiyo siyakubali maneno ya wanaosema kwamba shabiki hawezi kuwa mwadilifu. Anaweza, ila itamgharimu.

Ama kuhusu muziki, wanamuziki wenyewe walitutangulia. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba NUTA, akawa miongoni mwa walioianza Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, na uzeeni akarejea Msondo. Sauti ilikuwa moja. Namkumbuka jirani aliyesema kwamba nyimbo za upande wa pili ni kelele. Mwimbaji aliyempenda alipohamia huko, jirani huyo akagundua ghafula kwamba kelele zile zina utamu. Sisi watoto tulimcheka. Leo simcheki, kwa kuwa naona ya kwamba masikio yake yalifunguliwa kwa bahati, na wangapi masikio yao hayakufunguliwa kamwe?

Hapa naomba nimwelekee msomaji ambaye katika maisha yake ameiacha njia aliyoikuta kwa baba zake, au anayefikiri kuiacha. Yeye anajua kuliko mimi namna anayehama anavyotazamwa. Nyumbani huambiwa, “Umetuuza,” maneno yale yale anayoambiwa mchezaji aliyevuka kutoka Jangwani kwenda Msimbazi. Makosa, kwa maoni yangu, ni kuyatia mambo mawili kwenye mizani moja. Rangi ya jezi haidai kuwa kweli. Kijani na njano hazisemi neno lolote juu ya ulimwengu ambalo laweza kuwa sahihi au batili, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuzishika mpaka kufa bila kumdhulumu yeyote. Lakini itikadi inasema neno. Inadai kuwa jambo fulani liko hivi, wala haliko vile. Anayeishika kama jezi, kwa kuwa tu alivishwa utotoni, hajaiheshimu. Na anayeibadili kama jezi, kwa kuwa upande wa pili unashangilia zaidi, naye hajaiheshimu. Nawaambia hivyo hata walio upande wangu. Nimewaona waliohamia kwetu wakaendelea na ushabiki wao wa zamani, wamebadili nyimbo tu, na wanawacheka waliobaki nyuma, kumbe wamo humo mama zao.

Nirudi kwenye neno langu la udhuru, “watani.” Nililitumia vibaya. Utani wa wazee wetu, baina ya kabila na kabila, ulikuwa na kanuni. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana msibani, kukunyang'anya kofia, kuigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke. Lakini mtani yule yule ndiye aliyeshika kazi za mazishi, akahangaika na wafiwa mpaka shughuli ikaisha. Ulimi wake mkali ulilipiwa kwa mikono yake. Sisi wa mpira tumeuchukua ulimi, jembe tumeliacha. Inajulikana kote kwetu kwamba timu ya kigeni ikija kucheza na mojawapo ya hizi mbili, wapenzi wa nyingine huenda kuipokea uwanja wa ndege na kuvaa jezi zake. Wengi huliona kuwa mzaha, na mara nyingi ni mzaha kweli. Nami sitaki kuwa mzito kupita kiasi. Lakini mzaha humfaa anayetaniwa pale anapojua kwamba mwisho wa siku mtani wake atakuwapo msibani.

Asubuhi ya pili nilimwendea yule mwanafunzi wa Simba chumbani kwake. Sikujua niseme nini. Mwalimu wa miaka arobaini na kitu kumwomba radhi kijana kwa ajili ya makofi ni jambo lenye aibu kidogo. Nikamwambia, “Mwanangu, pole. Jana sikukutendea vema.”

Akanitazama kwa muda, kisha akasema, “Maalim, pole ya mtani haiji mikono mitupu.” Akaniomba ruhusa, tukaenda wote mpaka chumbani kwangu, akafungua kabati, akachukua sukari yote niliyokuwa nayo na paketi ya majani ya chai iliyoletwa kutoka nyumbani, akaondoka navyo bila kuaga. Adhuhuri alituma mtu kuniita. Alikuwa amepika chai kwa wanafunzi wote wa bweni, na kikombe changu kilikuwa kimewekwa kwenye kisahani chekundu.