Kato, Opio na Mwenzake

Yohana huitwa Jean kwa Wafaransa na Juan kwa Wahispania, na sikio bado linatambua kuwa jina ni moja. Majina ya mapasa hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, hayatambuliki hivyo. Wahema wa kusini, ambao lugha yao ni ndugu wa Kinyoro, humwita pacha wa kwanza wa kiume Singoma na wa pili Kato. Wasichana ni Nyangoma na Nyakato. Waaluri wa Mahagi wana Opio na Ocen, Apio na Acen. Sauti ni tofauti kabisa. Hata hivyo mama wa Kihema akisikia mtoto wa jirani anaitwa Opio, huuliza: “Mwenzake yuko wapi?”

Swali hilo lina uzito. Tumezoea kudhani kuwa jina humtenga mtu na wengine wote. Jina la pacha humtaja mtu pamoja na mwingine ambaye hakuitwa. Kinachovuka kutoka Kihema hadi Kialuri, basi, ni uhusiano.

Nao hauvuki mzima. Kwa Wayoruba wa Nigeria, Kehinde anayezaliwa nyuma ndiye mkubwa. Taiwo ametumwa tu kutangulia kuionja dunia. Kato angepata kwao ukubwa ambao Wahema humpa Singoma. Wasukuma nao wana Kulwa na Doto, wa kiume au wa kike, bila kubagua.

Mwaka 1972 Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, naye akaacha kuitwa Joseph-Désiré, akina Kato na Opio hawakuwa na jina la kutafuta. Vita vya kikabila hapa Ituri, vya 1999 hadi 2003, viliyajaribu majina vikali zaidi: kila mtu alijua kwamba jina linaweza kumweka mtu upande fulani kabla hajasema neno. Kwangu, huo ulikuwa usomaji finyu mno. Uliona kabila katika jina, haukumwona mwenzake.

Pacha mmoja akifariki, Kato hubaki Kato. Na mtoto anayewafuata mapasa, Kiza kwa Wahema, Okelo kwa Waaluri, huitwa kwa ajili ya waliomtangulia, ingawa yeye alizaliwa peke yake. Mwanafalsafa Descartes alianza na nafsi inayofikiri, kisha akalazimika kutafuta hoja za kuthibitisha kuwa kuna kitu kingine nje yake. Kiza hawezi hata kutaja jina lake bila kukiri kwamba watu wawili walikuwapo kabla yake.