Rejesho Halijui Mbalamwezi

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika, na akina mama wanaoanika dagaa Musoma wanakaa siku kadhaa bila cha kuanika. Rejesho la kausha damu halijui hayo. Linadaiwa kila wiki.

Ni rahisi kumlaani mkopeshaji, na simtetei. Kubeba godoro na sufuria za mtu kwa sababu ya deni la mtaji wa dagaa ni unyama. Lakini kuna mhusika mwingine ambaye hatumtaji sana, kwa kuwa yeye hakubeba godoro la mtu. Alifunga dirisha tu.

Mwaka 2018 sheria ililazimisha kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mapato ya ndani yanatoka wapi? Ushuru wa soko, ushuru wa samaki, ushuru wa pamba kule Bunda. Mama wa mwaloni akikopa pale haombi fadhila. Anaazima kilichotoka kwenye kapu lake.

Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo. Sababu zilikuwa za kweli: ripoti za CAG zilikuwa zimeonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Wizi lazima uzibwe, hilo halina ubishi. Ila kikundi kilichorejesha mpaka senti ya mwisho kikawekwa kando sawasawa na kikundi hewa, ilhali madaftari ya kuvitofautisha yamo halmashauri humo humo. Ushuru, bila shaka, haukusimamishwa hata siku moja.

Azimio la Arusha lilionya kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Siku moja baada ya kutangazwa kwake, tarehe 6 Februari 1967, mabenki yakataifishwa. Wapo wanaoona huo ni mkanganyiko. Mimi sioni. Nadhani mzaliwa wa Butiama alijua kuwa anayeamua nani akopeshwe ndiye anayeamua nani angoje, hivyo akataka uamuzi huo uwe wa umma. (Jinsi NBC ilivyoendeshwa baadaye, hadi ikagawanywa mwaka 1997, ni kesi nyingine.) Lakini ukishauchukua uamuzi huo kwa jina la umma, gharama ya kungoja nayo ni yako. Huwezi kutengeneza mfumo wako kwa muda wa mtu ambaye hakuuharibu, kisha ukauita muda huo uangalifu.

Mwaka 2024 mikopo ilirudi. Aliyekimbilia kausha damu katikati hapo hakurudishiwa riba aliyolipa, na sijasikia ofisi iliyomuuliza ilikuwa kiasi gani.