Ujira wa Fundi

Msomaji, hapana mtu asiyekubali kwa kinywa kuwa mfanya kazi hustahili ujira wake. Ugomvi huanza kiasi cha ujira kinapotajwa, na katika gereji za magari ugomvi huo husikika karibu kila siku. Mwenye gari hulipa bei ya vipuri bila ya manung'uniko mengi, kwa kuwa vipuri huonekana kwa macho na hushikika kwa mikono. Lakini akitajiwa bei ya ufundi, hukunja uso na kuuliza: "Kazi ya nusu saa yawezaje kugharimu fedha zote hizi?" Swali hili lastahili jibu, maana ndani yake mna swali lililo kubwa zaidi: tumlipapo mtu, twalipa nini?

Mwenye haraka hujibu kuwa twalipa muda. Tukilikubali jibu hilo, fundi mzembe afunguaye gia boksi kwa siku mbili atapata zaidi ya hodari aifunguaye kwa siku moja. Tutakuwa tumeuadhibu ustadi na kuutunza uzembe. Nusu saa ionekanayo ina miaka nyuma yake: miaka ya kulala chini ya magari, ya kuwashikia wengine spana kwa malipo haba, na ya kujifunza kuusikiliza mngurumo wa mtambo kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Tena fedha ile haimwendei fundi peke yake. Hutoka humo kodi ya uwanja, umeme, jeki, vyombo vya kupimia hitilafu, na chakula cha kijana ajifunzaye kazi. Na kazi ikiwa ya breki, fundi amechukua dhamana ya roho za wote watakaopanda gari lile.

Zipo gereji kubwa zenye desturi nyingine. Kila kazi imekadiriwa saa zake katika kitabu, na mwenye gari hulipa saa zilizoandikwa hata kama zilizotumika ni mbali nazo. Kazi ya saa tatu ikimalizwa kwa saa mbili, hulipa tatu. Nati ikishikwa na kutu hata kazi ikachukua saa tano, hulipa tatu vile vile. Wengi huiita desturi hii dhuluma siku ya kwanza, na husahau kuishukuru siku ya pili. Kasoro yake ni kuwa humshawishi fundi kufanya haraka mahali pa kufanya vema. Ubora wake ni kuwa bei hujulikana kabla ya kazi kuanza, na ubora huo tuuweke akilini.

Je, fundi adai apendavyo? Hasha! Tazama kando ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, iliyoitwa zamani Barabara ya Grogan, mahali panapojulikana sana kwa vipuri na ufundi wa magari. Katika viwanja kama hivyo bei aghalabu haikuandikwa popote. Huzaliwa katika mazungumzo. Mazungumzo si dhambi. Lakini yupo fundi atazamaye kwanza viatu vya mteja, kisha ndipo atazame gari. Mwenye tai hutajiwa bei moja na mwenye kanzu iliyochakaa bei nyingine, na ubovu ni ule ule. Fundi akimpunguzia maskini, hutoa katika mfuko wake, na huo ni wema. Akimwongezea mgeni kwa sababu ya ugeni wake, hutoa katika mfuko wa mwenziwe, na huo ni wizi uliovaa nguo ya biashara.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Mnunuzi wa ndizi huziona ndizi. Mwenye gari haoni kilicho ndani ya mtambo. Humtegemea fundi amwambie ugonjwa, amchagulie dawa, na amtajie bei ya dawa ile. Aliye na uwezo mkubwa kiasi hiki juu ya asiyejua hana budi kuwa na ukweli mkubwa kiasi hicho hicho. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa na huduma yaelekea huko. Haikutaja fundi alipwe shilingi ngapi. Imetaka makadirio yatolewe kabla ya kazi. Imekataza malipo kuyapita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Na imempa mwenye gari haki ya kurudishiwa vipuri vilivyoondolewa. Yote matatu yana shabaha moja, nayo ni kumfumbua macho asiyeona.

Walakini haki ni mizani, na mizani ina vitanga viwili. Mwenye gari akubaliye bei asubuhi, kisha jioni, kazi ikiwa imekwisha, akaanza kuipunguza, ni mdhalimu sawa na fundi aliyeongeza. Mmoja hutumia ujinga wa mwenziwe, mwingine hutumia shida yake. Waliosema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari waliwausia wote wawili: bei iandikwe, na kila mmoja aishike karatasi yake.

Basi, msomaji, pengine kesho utashika spana, pengine utapeleka gari kwa mshika spana. Usipime ujira kwa saa ya ukutani wala kwa nguo za mtu. Pima hivi: je, bei hii yaweza kutajwa mbele ya mteja kabla ya kazi, ikaelezwa sababu zake, na ikabaki ile ile kwa tajiri na kwa mgeni? Ikiwezekana, ilipwe yote bila ya kinyongo, ingawa ni kubwa. Isipowezekana, hata ikiwa ndogo si ya haki.