Baiskeli ya mawese



Asubuhi hii kuna kijana anasukuma baiskeli kwenye matope. Mabidoni ya mawese huku na huku, gunia la mpunga juu. Hapandi, anasukuma. Fimbo imefungwa kwenye usukani, mkono mmoja umeishika, bega limeegemea mzigo.

Mpunga uliingia mkoa wetu wa Maniema, hapa Kongo, katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, na udongo wetu ukaupokea. Udongo haujachoka. Njia ndiyo imechoka. Mvua ikinyesha, lori linakwama. Lori likikwama, chumvi inapanda bei. Chumvi ikipanda, mkulima anauza mpunga kwa hasara ili mtoto apate dawa. Mwaka unaofuata analima shamba dogo zaidi. Umaskini wa nyumba moja unakuwa umaskini wa nchi.

Nchi nayo inasukumwa hivyo, kama baiskeli ile. Barabara mbovu, bidoni moja. Malaria, bidoni. Mwalimu asiyelipwa, bidoni. Vita vinavyofukuza watu mashambani, bidoni nzito kuliko zote. Kisha tunauliza kwa nini Kongo haikimbii!

Vita hatuvimalizi leo, wewe na mimi. Lakini kizuizi cha njiani, kile cha kumtoza mkulima pesa bila risiti, ni sisi tunaokiweka. Kiondoe. Na siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, njoo na jembe, tuzibue mitaro kabla mvua haijaikata njia.