Skrini Nyeusi Haijaenda Popote

Watu wa kompyuta wa rika fulani wana tabia moja: wakikutana, hawakawii kuanza kusifu shida. Zamani, wanasema, hakukuwa na picha za kubonyeza. Kulikuwa na skrini nyeusi na wewe, na kila kitu ulikiandika. Kwenye DOS, iliyotoka 1981, ukitaka kuona mafaili yako uliandika dir. Ukihamia Unix, iliyozaliwa Bell Labs 1969, au Linux ya 1991, kazi ileile ikaitwa ls. Kufuta, huku ni del, kule ni rm, na rm ikifuta imefuta. Kuhama mfumo kulikuwa kama kutoka Kiswahili cha darasani ukaingia Sheng ya stendi: nia ni moja, maneno mengine.

Nawaelewa. Nadhani wanachokitamani ni ile hali ya kujua umeamuru nini. Mashine ilifanya ulichoiambia, haikuongeza lake. Siku hizi simu inakukisia, inakupangia cha kutazama na cha kununua.

Lakini hebu shuka Kawangware, ama tembea Kibera kutoka Olympic hadi Laini Saba. Mama mboga mwenye kabambe akitaka kujua kredo iliyobaki anabonyeza *144#. Akibonyeza *334#, menyu ya M-Pesa inatokea: maandishi matupu, chaguo kwa namba, chagua, tuma. Haihitaji bando wala picha. Akichelewa kidogo kwa sababu mteja anataka sukuma ya ishirini, inakatika, anaanza upya. Na zamani, kama alikuwa na laini mbili, alibeba kichwani namba za kampuni mbili, sawa na yule wa dir na ls. Hiyo ni nini, kama si skrini nyeusi ileile?

Sasa swali: ni haki kutamani ugumu ambao jirani yako bado anauishi? Mtu aliyehamia Kilimani akianza kusifu mwanga wa koroboi, wa Kibera atamwambia, chukua yangu basi.

Mimi nasema tamaa hiyo si dhambi, ila imeshika kitu kisicho chenyewe. Mtu wa DOS alipata ugumu pamoja na mamlaka. Akichoka kurudia amri zilezile, alizipanga kwenye faili lake la .bat na mashine ikamtii. Mama mboga amepewa ugumu peke yake. Hawezi kuongeza hata mstari mmoja kwenye menyu ile. Kuna mtu ofisini aliyeamua nini kitakuwa namba 1 na nini kitafichwa chini kabisa. Tangu 2019, aliyejiunga na Fuliza akipungukiwa, mkopo unamngoja hapohapo. Anajibu maswali, haamuru.

Tusidanganyane, menyu hiyo imemsaidia sana. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, ametuma pesa nyumbani bila kumwomba kondakta wa basi abebe bahasha. Ila kusaidiwa si sawa na kuwa na usemi.

Kwa hiyo anayeililia skrini nyeusi asimhurumie mama mboga, wala asimwonee wivu. Amtakie kile alichokuwa nacho mwenyewe akiwa kijana: nafasi ya kuiambia mashine jambo ambalo mwenye mashine hakulifikiria.