Nyumba Iliyofagiwa, Ikabaki Tupu

Somo: Luka 11:24–26

Bwana Yesu anatufundisha juu ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka, akakosa pa kukaa. Aliporudi alikuta nyumba ni safi lakini haina mwenyewe. Akaenda kuita wenzake saba. Mtu yule akaishia pabaya kuliko alipoanzia.

Tazameni nchi yetu. National Youth Service, NYS, ilianzishwa 1964 ili vijana wapate nidhamu na ufundi. Mwaka wa 2015 tukasikia shilingi milioni 791 zimechotwa. Novemba waziri akajiuzulu, huku akikana kosa. Wakaja viongozi wapya, tukaambiwa mambo yamenyooshwa. Tukasema Amina. Kumbe! Mei 2018 Katibu wa Wizara, Mkurugenzi Mkuu na makumi ya wengine wakafikishwa kortini, wakakana mashtaka. Safari hii magazeti yalitaja mabilioni, hadi 9. Ufagio ulipita, lakini nyumba haikupata mwenyewe.

Mtaniambia, "Pasta, hayo ni ya Nairobi." Ngojeni kidogo.

Huku Kericho na Bomet chai ndiyo inatulipia karo. Bonasi ikiwa ndogo, hata sadaka inapungua. Sasa mashine zinachuma kwenye mashamba makubwa na vijana wetu wamekosa kazi. Mei 2023 tuliona mashine zikichomwa Kericho. Na ni sisi hao hao tunaoita rushwa "chai". Jina la jasho letu tumeivisha dhambi!

Mwaka jana mama mmoja wa hapa, ambaye ameniruhusu niseme bila kumtaja, alileta bahasha ya shukrani. Kijana wake alikuwa amepata nafasi ya serikali. Nikamuuliza, "Mama, mlango umefunguka vipi?" Akasema wameuza ng'ombe wawili, wakampa mtu fulani chai. Mimi, mchungaji wenu, nilisikia na nikanyamaza. Niliinua bahasha ile madhabahuni, nanyi mkapiga makofi.

Jumatano iliyopita baba mmoja alinijia baada ya maombi. Kijana wake alikwenda kwa usaili ule ule, akafuzu yote, akarudishwa nyumbani. Siku hizi anaendesha boda ya mtu. Baba akaniuliza kwa upole, "Pasta, ile nafasi mliyoshukuru hapa, si ndiyo ilikuwa ya kijana wangu?"

Sikuwa na jibu, wapendwa. Kutoka 23:8 inatuonya kwamba rushwa humpofusha hata mwenye macho mazuri. Kwa miezi nilikuwa nikihubiri juu ya wezi wa Nairobi, na bahasha ile iko kwenye hesabu zetu.

Nimetubu mbele za Mungu na mbele ya wazee wa kanisa. Mama tumemrudishia pesa zake. Baba yule nimemwomba msamaha, ingawa nafasi ya mtoto wake siwezi kuirudisha. Zakayo hakuishia kusema pole. Alirudisha mara nne.

Usajili mwingine utakuja. Najua kuna familia zinapanga harambee ya "kumsindikiza kijana". Kanisa hili litachanga nauli, chakula na pesa za kutoa nakala za vyeti. Chai, hapana. Ukiombwa hongo, niite, twende pamoja EACC tukaripoti.

Mzazi, najua unawaza, "Basi wangu atakosa." Huenda akakosa, sitakudanganya. Akirudi mikono mitupu tutalia naye, kisha tutamtafutia kazi pamoja. Lakini asile jasho la mtoto wa jirani na sisi tuliite baraka.

Tuombe. Bwana, usiifagie nyumba yetu tu ukaenda zako. Ingia, uketi, uwe mwenyewe. Anza na mimi niliyeinua bahasha ile. Katika jina la Yesu, Amina.